Ukibaguliwa kazini Ulaya kwa sababu ni mwanamke: mwongozo kamili, kuanzia bahasha hadi mahakamani

Barua ilikuwa kwenye sanduku la ngazini tangu Ijumaa. Dada aliyenipigia simu, mzaliwa wa Kilifi, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee kusini mwa Ujerumani, aliifungua Jumatatu usiku alipotoka zamu. Alinisomea neno kwa neno hadi akafika kwenye tarehe. Nikamuuliza mambo mawili: bahasha iliingia sandukuni siku gani, na je, anaweza kuwa na mimba? La kwanza ilibidi akamuulize jirani. La pili alinyamaza, kisha akasema, "Dada, umejuaje?"

Sikujua. Namuuliza hivyo kila mwanamke anayeletewa barua ya ghafla ya kuachishwa kazi, kwa sababu jibu lake hugeuza kesi nzima. Mimi si wakili. Nimekuwa mjumbe wa baraza la wafanyakazi kazini kwangu kwa miaka sita, na karibu kila haki niliyoiona ikipotea ilipotea kwa siku kupita, sheria yenyewe ikiwa upande wa mwanamke. Ndiyo maana mwongozo huu umejaa tarehe na karatasi.

Nitatumia Ujerumani kama mfano mkuu kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu wenzetu wanaokuja huku wanaongezeka: kwa Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi, kwa mwaka wa kujitolea, na sasa kupitia makubaliano ya uhamiaji ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Misingi ni ile ile katika nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya. Muda wa kudai ndio unaotofautiana, na nitaueleza karibu na mwisho.

Haki hii ilitoka wapi

Usiruke sehemu hii, maana siku moja utahitaji kumwambia mtu kwa uhakika kwamba huombi hisani.

Mkataba wa Roma wa 1957 ulikuwa na kifungu cha 119: mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi sawa. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilikaa kwenye karatasi tu. Mwaka 1966 wanawake wa kiwanda cha silaha cha Herstal, Ubelgiji, waligoma kwa majuma mengi wakikidai. Kisha akaja Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena, ambaye mkataba wake ulimtaka mwanamke aache kazi akitimiza miaka 40. Wanaume waliofanya kazi ile ile hawakuwa na sharti hilo, tena walilipwa zaidi. Yeye na wakili wake Éliane Vogel-Polsky walipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Luxembourg, na tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kifungu cha 119 kinamlinda mtu moja kwa moja mbele ya hakimu wa nchi yake, hata dhidi ya mwajiri binafsi. Leo kifungu hicho ni cha 157 katika Mkataba wa Uendeshaji wa Umoja wa Ulaya.

Juu ya msingi huo yamejengwa maagizo, yaani sheria ambazo kila nchi mwanachama lazima iziingize katika sheria zake. Manne ndiyo ya kuyajua. Agizo 92/85 linamlinda mjamzito. Agizo 2006/54 linakataza ubaguzi wa kijinsia kazini kwa ujumla. Agizo 2019/1158 linahusu likizo za wazazi na walezi: baba ana siku 10 za kazi mtoto akizaliwa, na kila mzazi ana miezi 4 ya likizo ya malezi, miwili kati yake haiwezi kuhamishiwa kwa mwenzake. Agizo 2023/970 linahusu uwazi wa mishahara. Ujerumani ina pia sheria yake ya kutendewa sawa iitwayo AGG, inayofanya kazi tangu Agosti 2006.

Hatua ya kwanza: andika tarehe kabla ya kulia

Chukua kalamu. Juu ya bahasha yenyewe andika siku na saa uliyoikuta. Kama kuna aliyeiona sandukuni mapema, andika na jina lake. Piga picha bahasha mbele na nyuma, kisha barua yote, kila ukurasa.

Barua ya kuachishwa kazi Ujerumani inaitwa Kündigung, na lazima iwe karatasi yenye saini ya mkono. Ujumbe wa WhatsApp, barua pepe au maneno ya meneja pale koridoni havimwachishi mtu kazi. Ukiambiwa kwa mdomo "kesho usije", jibu siku hiyo hiyo kwa maandishi kwamba uko tayari kuendelea na kazi, na uhifadhi nakala.

Barua yenye saini ikiingia sandukuni, una majuma 3 tu ya kufungua shauri katika mahakama ya kazi, Arbeitsgericht. Ikiingia Jumanne, siku ya mwisho ni Jumanne ya juma la tatu. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Saa inaanza kuhesabu barua inapofika sandukuni kwa wakati wa kawaida wa posta, hata kama wewe ulikuwa Hamburg kwa shangazi. Majuma hayo yakipita bila shauri, barua inahesabiwa kuwa halali, hata kama sababu yake ilikuwa batili tangu mwanzo. Inamhusu kila mtu: aliye kwenye kipindi cha majaribio, aliye kwenye kampuni ya watu watano, aliye kwenye mkataba wa mwaka mmoja.

Kuna kesi moja ninayowasimulia watu kila mara. Mwaka 2022 mfanyakazi wa nyumba ya wazee Ujerumani, mwenye mkataba wa mwaka mmoja ulioanza 1 Agosti, aliachishwa kazi kwa barua ya 6 Oktoba. Tarehe 9 Novemba daktari akamthibitishia mimba ya majuma 7. Kesho yake akamjulisha mwajiri. Shauri lake alilifungua 13 Desemba. Majuma 3 yalikuwa yameshapita, na sheria ya Ujerumani ilimpa anayegundua mimba baadaye majuma 2 tu ya kuomba apokelewe kwa kuchelewa. Nayo yalikuwa yameshapita. Mahakama ya kazi ya Mainz ikapeleka swali kwa Mahakama ya Ulaya, Luxembourg. Tarehe 27 Juni 2024 jibu likaja: muda wa majuma 2 unaonekana mfupi mno kwa mwanamke aliyetoka kujua kuwa ni mjamzito, anayehitaji ushauri na kuandaa shauri, na unaweza kuifanya haki yake isishikike.

Uamuzi huo ni ngao kwa aliyechelewa bila kosa lake. Wewe usiutegemee. Fungua shauri ndani ya majuma 3, halafu mengine yatafuata.

Jambo jingine la siku hizo hizo: ndani ya siku 3 tangu ujue kazi inaisha, jiandikishe kwenye ofisi ya kazi, Agentur für Arbeit, kama mtu anayetafuta kazi. Ukichelewa unaweza kukatwa malipo. Na kama kibali chako cha ukaazi kimefungwa na kazi hiyo, ijulishe ofisi ya wageni ndani ya majuma 2. Kibali hakifi siku barua inapofika. Ofisi inaweza kukifupisha, lakini lazima ichukue hatua rasmi ya kufanya hivyo, na kupinga kuachishwa kazi si kosa la uhamiaji. Nawajua wanawake walionyamaza kwa hofu ya kibali wakapoteza vyote viwili.

Hatua ya pili: usisaini pale pale

Meneja anakuita ofisini. Chai ipo mezani, sauti ni ya upole. Anakusogezea karatasi mbili na kalamu: "Tuachane vizuri, nitakuandikia barua nzuri ya sifa." Karatasi hiyo inaitwa Aufhebungsvertrag, makubaliano ya kuvunja mkataba kwa hiari. Ukiisaini, ulinzi wote wa mjamzito unaondoka, kwa sababu hukufukuzwa, ulikubali. Tena ofisi ya kazi kwa kawaida itakusimamishia malipo ya ukosefu wa kazi kwa majuma 12.

Jifunze sentensi hii kama salamu: "Ich nehme das mit nach Hause." Naipeleka nyumbani. Isome, itafsiriwe, mpigie mtu. Ofa ya haki haitakufa kwa kulala usiku mmoja, na anayekwambia ni lazima sasa hivi anataka usipate nafasi ya kuuliza. Ukilazimishwa kukiri kwamba umepokea barua, saini neno la kupokea tu, yaani "erhalten", na tarehe.

Hatua ya tatu: kama una mimba, mwambie mwajiri kwa maandishi

Sheria ya Ujerumani inakataza kumwachisha kazi mwanamke tangu mimba inapoanza hadi miezi 4 baada ya kujifungua. Mimba ikitoka baada ya juma la 12, ulinzi wa miezi 4 unabaki. Mwajiri anayetaka kumwachisha kazi katika kipindi hicho lazima kwanza aombe idhini ya mamlaka ya serikali, na idhini hutolewa kwa nadra, kwa sababu zisizohusiana na mimba.

Kama hakujua una mimba alipokuachisha, ulinzi bado upo ukimjulisha ndani ya majuma 2 tangu upate barua. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuchelewa, kama vile hukujua mwenyewe, mjulishe mara tu unapojua. Barua inatosha kuwa fupi:

"Hiermit teile ich Ihnen mit, dass ich schwanger bin. Der voraussichtliche Entbindungstermin ist der …"

Nukta hizo ni tarehe ya kujifungua aliyokadiria daktari. Ipeleke ukiwa na shahidi, au kwa posta ya rejista, na utume pia kwa barua pepe ili saa ibaki kwenye rekodi.

Wengi huniuliza kama walipaswa kusema wakati wa usaili. Hapana. Swali la mimba halina nafasi kwenye usaili, na mahakama za Ujerumani zimekubali kwamba ukiulizwa, jibu lisilo la kweli halikuharibii mkataba. Mwaka 1990, katika kesi ya Dekker kutoka Uholanzi, Mahakama ya Ulaya ilisema kumnyima kazi mwombaji kwa sababu ya mimba ni ubaguzi wa moja kwa moja, hata kama waombaji wote walikuwa wanawake, maana mimba ni ya mwanamke peke yake. Na mwaka 2001, katika kesi iliyotoka Denmark, mwanamke aliajiriwa kwa miezi 6 huku akijua ana mimba na hakusema. Hata yeye alilindwa.

Mkataba wa muda maalumu huisha siku yake, mimba au hakuna mimba. Lakini kama wenzako wote waliongezewa na wewe ukaachwa mara tu tumbo lilipoonekana, kutoongezewa kwenyewe kunaweza kuwa ubaguzi. Hilo nalo liliamuliwa 2001, kwenye kesi kutoka Hispania.

Wanaofanya kazi za kuinua wagonjwa wajue hili pia: daktari au mwajiri akikuzuia kazi kwa ajili ya usalama wa mimba, unaendelea kulipwa wastani wa miezi 3 iliyotangulia mimba. Likizo yenyewe Ujerumani ni majuma 6 kabla na 8 baada ya kujifungua. Kiwango cha chini cha Ulaya ni majuma 14 kwa jumla. Aliye kwenye Ausbildung au mwaka wa kujitolea amo ndani ya ulinzi huu.

Hatua ya nne: weka daftari

Mtu aliyebaguliwa mara nyingi hana barua inayosema "tunakubagua". Ana maneno ya koridoni, ratiba iliyobadilika, zamu zilizopungua. Kifungu cha 19 cha Agizo 2006/54 kinajua hivyo: wewe unaleta mambo yanayoonyesha kwamba huenda kuna ubaguzi, na kuanzia hapo mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Kwa hiyo kazi yako ni kukusanya vidokezo vya kutosha kuuhamisha mzigo.

Nunua daftari la kurasa zilizofungwa, si karatasi za kuchomoa. Andika siku hiyo hiyo, kwa lugha iliyotumika. Hivi:

"Jumatano, saa 14:10, chumba cha wauguzi ghorofa ya 2. Meneja wa zamu: 'Schwangere kann ich im Dienstplan nicht gebrauchen.' (Wajawazito hawanifai kwenye ratiba.) Alikuwepo mwenzangu wa zamu ya mchana. Saa 15:00 jina langu lilikuwa limefutwa kwenye zamu za wikendi. Nimepiga picha ratiba yangu."

Mstari kama huo una uzito kuliko kurasa kumi za "ananichukia". Mwenye maneno kamili, saa na shahidi anaaminika. Hifadhi jumbe ulizotumiwa, ratiba za kabla na baada, tathmini zilizokusifu kabla ya kutangaza mimba.

Mipaka miwili. Usimrekodi mtu kwa siri: Ujerumani ni kosa la jinai, na utageuka wewe mshtakiwa. Na usitoe nje majalada ya wagonjwa au wakazi wa nyumba ya wazee, hata kama yana ushahidi.

Ulinyimwa kazi na hawataki kukwambia walimwajiri nani? Mahakama ya Ulaya ilisema mwaka 2012, katika kesi ya Meister, kwamba mwombaji hana haki ya kupewa taarifa hizo, lakini kukataa kabisa kujibu kunaweza kuhesabiwa kama kidokezo dhidi ya mwajiri. Kwa hiyo andika uulize, hata ukijua hawatajibu.

Hatua ya tano: tambua aina ya ubaguzi

Ubaguzi wa moja kwa moja ni rahisi kuuona. Usio wa moja kwa moja ndio unaotuuma wengi, kwa sababu sheria ya kampuni inaonekana sawa kwa wote lakini inawaangukia wanawake.

Mfano wa karibu kabisa: kampuni moja ya vituo vya kusafisha damu Ujerumani ililipa nyongeza ya asilimia 30 kwa saa za ziada, lakini zile tu zilizovuka saa za mfanyakazi wa muda kamili. Mfanyakazi mmoja alikuwa na mkataba wa asilimia 40 ya saa za muda kamili. Alikuwa na saa 129 na dakika 24 za ziada kwenye akaunti yake, na nyongeza hakupata. Zaidi ya asilimia 90 ya waliokuwa na mikataba ya muda usio kamili hapo walikuwa wanawake. Tarehe 29 Julai 2024 Mahakama ya Ulaya ilisema utaratibu kama huo ni ubaguzi usipokuwa na sababu ya haki, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ikampa saa 38 na dakika 39 zaidi kwenye akaunti yake, pamoja na fidia ya euro 250. Fidia ni ndogo, nakubali. Lakini zile saa 38 ni karibu juma zima la kazi, na kila mmoja wetu mwenye mkataba wa nusu siku sasa ana la kuuliza. Angalia hati yako ya mshahara leo.

Wafanyakazi wa nyumbani nao wameshinda. Februari 2022 Mahakama ya Ulaya ilikataa sheria ya Hispania iliyowatoa kwenye bima ya ukosefu wa kazi, kwa sababu karibu wote ni wanawake. Desemba 2024 ikaongeza kwamba mwajiri wa nyumbani hawezi kusamehewa tu wajibu wa kuweka rekodi ya saa za kazi. Kama unafanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, andika saa zako mwenyewe kila siku.

Udhalilishaji wa kingono, yaani kuguswa, maneno machafu, picha, ni ubaguzi kisheria, na mwajiri anawajibika kuuzuia, hata ukifanywa na mteja au mkazi wa nyumba ya wazee. Peleka taarifa kwa maandishi ili asiseme hakujua. Sheria inaruhusu kuacha kufanya kazi kama mwajiri hachukui hatua, ila usitumie njia hiyo kabla ya kuonana na mwanasheria, maana ukikosea hesabu unaweza kuachishwa kwa kutoroka kazi.

Kuhusu hijabu: Ulaya inaihesabu chini ya dini, agizo tofauti la mwaka 2000. Na rangi ya ngozi ina agizo lake. Mambo haya mara nyingi huja pamoja. Kwenye malalamiko taja yote, usichague moja.

Hatua ya sita: mshahara

Kazi "sawa" si lazima iwe na jina moja. Sheria inasema pia kazi yenye thamani sawa, na inapimwa kwa vitu vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Mpishi na dereva wanaweza kulinganishwa.

Kwa Agizo 2023/970, ambalo nchi zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao, mwombaji kazi ana haki ya kujua mshahara wa kuanzia au kiwango chake kabla, na mwajiri haruhusiwi kumuuliza alikuwa akilipwa ngapi alikotoka. Ukiwa kazini unaweza kuomba kwa maandishi wastani wa malipo ya wanaume na wa wanawake katika kundi lako. Jibu lije ndani ya miezi 2. Kifungu cha mkataba kinachokukataza kutaja mshahara wako hakina nguvu mbele ya haki hiyo.

Ukisikia "yeye alijua kupatana bei", jibu lipo. Februari 2023 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilimpa mwanamke kutoka Saxony malimbikizo ya takriban euro 14,500 na fidia ya euro 2,000, ikisema kwamba mwanamume kupatana vizuri zaidi hakutoshi kuvunja dhana ya ubaguzi. Hata hivyo soma mkataba wako kwanza: nyingi zina kifungu kinachofuta madai yasiyotolewa ndani ya miezi 3.

Hatua ya saba: dai, kisha mahakama

Kuna saa mbili za kuhesabu muda zinazokwenda pamoja. Ya kuachishwa kazi ni majuma 3, moja kwa moja mahakamani. Ya fidia ya ubaguzi chini ya AGG ni miezi 2 kumwandikia mwajiri, tangu ulipojua au ulipopokea barua ya kukataliwa kazi, kisha miezi 3 kutoka hapo kufika mahakamani. Ukifuata moja ukaisahau nyingine, umepoteza nusu.

Kila kampuni lazima iwe na mahali pa kupeleka malalamiko ya ubaguzi. Pitia baraza la wafanyakazi kama lipo, lakini kulalamika ndani hakusimamishi saa yoyote. Ofisi ya shirikisho dhidi ya ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, inashauri bure. Chama cha wafanyakazi kama ver.di hutoa mwanasheria kwa wanachama, kwa kawaida ukiwa umeshakuwa mwanachama kwa muda. Ndiyo sababu nawaambia wageni wajiunge mwezi wa kwanza.

Mahakama ya kazi haidai ada mapema, na ngazi ya kwanza unaweza kwenda bila wakili. Jengoni kuna dirisha liitwalo Rechtsantragstelle: unafika na barua, mkataba na hati za mshahara, na mfanyakazi wa mahakama anakuandikia shauri bure. Ukitumia wakili, ngazi hiyo kila upande unalipa wa kwake hata ukishinda; mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa gharama. Omba mkalimani kwa maandishi mapema.

Kikao cha kwanza, Gütetermin, ni kifupi. Hakimu mmoja anauliza kama mnaweza kupatana. Yule dada wa Kilifi alifungua shauri siku ya 19, cheti cha daktari kikiwa ndani ya jalada. Mwajiri aliiondoa barua yake pale pale. Kama yako itaelekea kwenye malipo, usikubali tarakimu ya kwanza, na omba muda wa kufikiri.

Kulipiza kisasi kumekatazwa, kwako na kwa shahidi wako. Mwaka 2019, katika kesi ya Ubelgiji, msimamizi wa duka aliyepinga mjamzito kunyimwa kazi alifukuzwa baadaye. Mahakama ya Ulaya ikasema naye analindwa, hata kama hakuwa shahidi rasmi. Mwonyeshe hilo mwenzako anayeogopa kuandika alichokiona.

Ukiwa nchi nyingine

Ireland, malalamiko huenda Workplace Relations Commission, tume ya mahusiano ya kazini, ndani ya miezi 6. Uholanzi, kupinga kuachishwa kazi ni miezi 2, na College voor de Rechten van de Mens, taasisi ya haki za binadamu, hutoa uamuzi bure bila wakili. Haumfungi mwajiri lakini una uzito. Ufaransa, miezi 12 kwa kuachishwa kazi, miaka 5 kwa ubaguzi, na unaweza kumwandikia Défenseur des droits, mtetezi wa haki wa serikali, bure. Uingereza imeshatoka kwenye Umoja wa Ulaya na inatumia sheria yake ya usawa ya 2010: kwa miaka mingi muda umekuwa miezi 3 kasoro siku moja, na lazima uanze na Acas, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi. Ukihesabu kwa muda huo huwezi kuchelewa.

Barua ya sifa

Mwaka 1998, katika kesi ya Coote kutoka Uingereza, mwanamke aliyewahi kumshtaki mwajiri kwa kuachishwa kazi akiwa mjamzito alinyimwa barua ya sifa, na Mahakama ya Ulaya ikasema ulinzi unaendelea hata baada ya kazi kuisha. Kwa hiyo idai, na kama mnapatana mahakamani, maneno yake yaandikwe ndani ya makubaliano. Isitaje mimba wala shauri. Kisha tafuta sentensi ya ridhaa: "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" ni alama ya juu kabisa, "stets zu unserer vollen Zufriedenheit" ni nzuri, na "zu unserer Zufriedenheit" peke yake, ingawa inasikika tamu, ni alama ya chini. Irudishe warekebishe.